Jumatano Haikuwa Upande Wowote

Mama yangu alikuwa haimbi. Naanzia hapo kwa sababu mambo mengine yote, kompyuta, boti ya Bukavu, mjomba wangu juu ya pikipiki na vumbi mpaka kwenye kope, yalitoka katika kile kimya chake.

Baba alipofariki, mama alivaa nyeusi, toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Kwa desturi ya upande wa baba, mjane aliye katika nguo hizo haimbi, hachezi, hakai mbele katika sherehe ya mtu. Anangoja siku ya kutoa kilio. Siku hiyo familia mbili, ya mume na ya mke, zinakaa pamoja. Dada wa marehemu anamnawisha mjane uso, anamvua ile nyeusi, anamfunga kitenge cha rangi. Kaka wa mjane anasimama pale kushuhudia kwamba dada yake ameachiliwa kwa heshima. Bila shangazi hakuna wa kuvua, na bila mjomba hakuna wa kushuhudia, kwa hiyo upande mmoja ukikosa, hakuna kilichofanyika.

Sasa, mama alikuwa sauti ya kwanza katika korali ya parokia yetu hapa Mapendo, mtaa wetu wa Goma, tangu mimi sijazaliwa. Katika nguo zile akawa anakaa nyuma kabisa ya kanisa, midomo imefungwa, na mimi niliyekaa karibu naye nilikuwa naona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa anaimba ndani. Iliniuma sana, nisidanganye. Baba alikuwa amekufa, hilo nililikubali polepole, lakini huyu alikuwa hai na alikuwa amefungwa mdomo na watu waliosema wanampenda.

Mwaka ulipita, ukapitiliza. Wenye kutoa kilio hawakuonekana. Si kwamba hawakutaka. Watu wa baba wako Bukavu, Wakatoliki wa ofisini na wa dukani. Watu wa mama wako Rutshuru, Waadventista, wakulima wenye ng'ombe wachache. Ukiwauliza wa Bukavu, wanasema, "Sisi tuko tayari, tunangoja wale wa Rutshuru." Ukiwauliza wa Rutshuru, wanasema, "Aka, sisi ni wageni tu, tunangoja wenye mwili." Wenye mwili ndio watu wa marehemu. Basi kila mtu anangoja, na mama anafua nyeusi, anaanika nyeusi, anavaa nyeusi.

Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani. Ofisi niliyokuwa nikiandikia barua ilifungwa, na kukaa bure kulikuwa kunanitoa akili. Jirani akaniambia kuna kituo karibu na barabara ya lami wanafundisha vijana kupanga kompyuta, yaani kuiandikia maagizo ifanye kazi unayotaka. Vijana! Mimi nina mvi mbili tatu ninazozificha chini ya kitambaa. Nikaenda hivyo hivyo. Mwalimu wetu alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wa nyumba yetu, na aliniita mama kwa adabu sana, mpaka nikajisikia nimezeeka zaidi.

Siku moja alichora ubaoni miduara miwili iliyopandana kidogo. Akasema, "Huku ni kundi la watu wanaokula sombe. Huku, kundi la wanaokula sambaza. Wanaokula vyote viwili, tutawaweka wapi?"

Darasa zima likapiga kelele, "Wote wanakula vyote!"

Alicheka, akafuta. Katika Goma, ambako kila nyumba inapika sombe, yale majani ya muhogo, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, mfano ule haukufaa. Akatuambia kila mmoja alete makundi yake mawili kutoka maisha yake mwenyewe, ayaandike kwenye kompyuta, kisha aiulize mashini ni vitu gani vinapatikana katika kundi la kwanza na pia katika la pili. Hayo ndiyo makutano. Zoezi la mwanzoni kabisa, alisema, mtoto analiweza. Kijana aliyekaa kando yangu alichagua wachezaji wa mpira. Mimi moyo uliruka. Siku! Nitaiuliza siku ambayo Bukavu na Rutshuru wote wanaweza, na mama atatoka katika nyeusi.

Nikaanza kupiga simu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, akikohoa katikati, akinitajia siku za kiangazi ambazo wao wanaweza kupanda boti. Mjomba, kaka wa mama, naye alituma wake, ng'ombe wanasikika nyuma yake. Nilisikiliza, nikarudia, nikakusanya.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu watu wetu. Kwetu mtu hasemi "siku yoyote." Mtu wa siku yoyote ni mtu asiye na kazi, na asiye na kazi hana uzito katika kikao. Kwa hiyo ukimuuliza mtu nafasi yake, anakupa kidogo, anakaza, ili umbembeleze, halafu anakuongezea kwa huruma yake. Nalijua hilo, nimezaliwa humu. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilisahau kabisa. Nilichukua maneno yao kama yalivyotoka mdomoni nikayaandika.

Siku ya zoezi umeme ulikuwepo. Niliandika siku za upande wa baba katika kundi la kwanza, za upande wa mama katika la pili. Wenzangu waliandika kwa Kifaransa, kama shule ilivyotuzoeza, lakini mimi niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu mama anasoma Biblia yake kwa Kiswahili na nilitaka nimwonyeshe jibu kwa macho yake. Jumamosi ya kwanza. Jumanne baada ya mavuno. Moja moja. Nikaweka alama katikati ya makundi, nikabonyeza.

Kioo kikajaa. Siku juu ya siku! Nilisimama nikapiga makofi, vijana wakageuka. Nikachukua simu pale pale, nikamtumia mama sauti: "Mama! Siku ziko mingi! Mingi sana! Toa kitenge, kipate hewa!"

Nilipokaa, mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameinama, anasoma.

"Mama," alisema polepole, "hapa umefanya muungano. Umemwaga vikapu vyote viwili katika kimoja. Ndiyo maana vimejaa. Sisi tunatafuta vile vinavyopatikana huku na huku."

"Si ndivyo nilivyoandika?"

"Ni alama tu. Badilisha hii moja."

Nilibadilisha, nikabonyeza. Kioo kikanionyesha mabano na ndani yake hakuna kitu.

"Imekufa," nilisema.

"Haijafa, mama. Hilo ndilo jibu. Ni kundi tupu. Hakuna siku inayopatikana pande zote mbili."

"Jibu gani hilo lisilokuwa na kitu ndani?"

"Hakuna nayo ni jibu, mama."

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba yeye ni mtoto, hajui kitu, mashini zake ni za Wazungu na hazijui mambo ya kilio. Mtoto wa watu hakuwa na kosa. Alivuta kiti, akakaa nami, akanisomesha siku zile moja baada ya nyingine kwa kidole. Na kwa kweli mtu mwenye macho angeliona hata bila kompyuta. Watu wa Bukavu walikuwa wametaja Jumamosi na Jumapili tu, kwa sababu ya ofisi na duka. Watu wa Rutshuru, Jumamosi ni Sabato yao, hawagusi kitu, na Jumapili ndipo lori la mnunuzi wa maharagwe linapopita. Wao walitaja Jumatatu, Jumanne, Alhamisi. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu mwenyewe na sikuona, kwa sababu sikutaka kuona.

Nilitazama simu. Mama alikuwa amekwisha sikiliza ujumbe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kupanda moto, pikipiki ya abiria. Nilikuwa napanga maneno njiani. Nilipofungua lango, maneno yote yakapotea. Kitenge kilikuwa kwenye kamba. Kile cha kijani chenye majani ya njano, ambacho baba alimnunulia na hakuwahi kukivaa, kwa sababu baba aliugua kabla ya sherehe waliyokuwa wanaiwekea. Kilikuwa ndani ya sanduku na dawa ya nondo muda wote ule. Mama alikuwa anakinyosha kwa viganja, katika nyeusi zake, na alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Tarehe gani, mama?" aliniuliza. Akipenda ananiita mama, kama wamama wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Kwamba nilikosea alama, kwamba siku hazikuwepo, kwamba jibu ni tupu.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliacha mkono wake juu ya kitenge.

"Ile mashini, uliiuliza nini?"

"Niliiuliza siku ambayo wote wanaweza."

"Wanaweza," alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. "Siku baba yenu alipokufa, hawa watu hawakufika wote kesho yake? Shangazi yako aliuliza ofisi? Mjomba yako aliuliza lori?"

Ilikuwa kweli. Kesho yake asubuhi nyumba ilikuwa imejaa, pande zote mbili, na hakuna aliyebembelezwa.

"Nipe simu," alisema.

Nilidhani ataongea na kaka yake. Alibonyeza ile ya kurekodi, akaiweka karibu na mdomo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shikamooni wote. Jumatano hii inayokuja, hapa nyumbani, nitavua nguo zangu. Nitavua mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Anayependa kuona, aje." Akaniambia nitume Bukavu na Rutshuru.

"Mama! Jumatano? Jumatano haiko upande wowote!" Na haikuwepo. Bukavu wako kazini, Rutshuru wako sokoni. "Na kujivua mwenyewe! Utawatukana!"

"Jumatano baba yenu alikuwa anarudiaka mapema," alisema. "Tuma."

Nilituma.

Ee Yezu, simu zilizofuata! Shangazi alipiga akianza kulia kabla sijasema halo. "Anataka kumutupa kaka yangu kama ganda la ndizi? Mjane kujivua mwenyewe ni kusema marehemu hakuwa na watu! Sisi hatuko watu? Mwambie asiguse hata kifungo. Ninakuja!" Mjomba naye hakulia, alinguruma. "Watasema hatukumufunza. Watasema binti ya muzee wetu aliolewa bila akili. Mwambie angoje. Niko njiani." Nikimpa mama habari hizo, anaitikia "Mm," anaendelea kuchambua mchele.

Nilikuwa na hofu. Nilijua jinsi mambo yanavyoharibika. Wale wa Bukavu wakiudhika, wangeweza kumwacha mama katika nyeusi mpaka azeeke nazo, na hakuna ambaye angewalaumu, maana yeye ndiye aliyewatukana. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nikalete mkaa.

Jumatano ikafika. Mapema asubuhi alipika bugali, sombe, maharagwe, na ile sufuria kubwa ambayo tunaiazimisha watu kwa ubatizo ilikuwa jikoni, imejaa. Kisha akajaza beseni maji, akaliweka uani, akakaa kando yake juu ya kiti cha chini. Kitenge kilikuwa bado kwenye kamba. Tangu siku ile hakukitoa, na mimi sikuthubutu kukigusa.

Shangazi alitangulia kutoka bandarini, ameshika mkoba wake kama silaha. Hajavuka vizuri lango, pikipiki ikasimama nyuma yake, na mjomba akashuka, mweupe kwa vumbi la njia yote kutoka Rutshuru mpaka hapa. Wakatazamana.

"We mulamu," shangazi alimwita, yaani shemeji, "si uliniambia Jumatano ni soko?"

"Na wewe si ulisema Jumatano ni ofisi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa, lakini wale wawili hawakuja kumponya mtu. Waliingia uani pamoja na kuanza kumfokea mama pamoja, mmoja kwa Kiswahili cha Bukavu, mwingine akichanganya Kinyarwanda kila hasira inapopanda, na ajabu yake ni kwamba walikuwa wanasema kitu kile kile. Huna haki. Hujiheshimu. Unatuaibisha. Mjomba akisema, shangazi anaitikia "Ndiyo!" Shangazi akisema, mjomba anapiga mguu chini. Sijawahi kuziona familia zetu mbili zikipatana hivyo, hata siku ya harusi ya dada yangu.

Mama aliinua tu mkono, akauweka kwenye fundo la kitambaa chake cha kichwa.

"Acha!" Shangazi alimrukia, akaushika ule mkono. Na hapo akiwa karibu hivyo, akakiona kitambaa. Nadhani hakuwahi kukitazama tangu siku ya mazishi. Hakikuwa cheusi tena. Kufuliwa na jua vilikuwa vimekifanya rangi ya chai iliyokaa, na pembeni mama alikuwa amekishona kwa uzi, akashona tena juu ya pale alipokwisha kushona.

"Mulamu," shangazi alisema kwa sauti nyingine. "Hiki ni kile kile?"

"Ni kile ulichonifunga wewe," mama alisema. "Sikubadilisha. Nilikuwa nakungoja."

Shangazi alikaa chini, hapo hapo juu ya mawe meusi ya uani, na nguo zake nzuri za safari, akalia. Hakulia kilio cha simu, cha maneno. Alimlilia kaka yake. Mjomba alivua kofia, akajifanya anapangusa vumbi, lakini vumbi halitoki machoni namna ile. Mimi niliegemea ukuta, nikalia pia, sikujali.

Kisha shangazi akajifuta, akaingiza mikono katika beseni, akamnawisha mama uso. Akafungua lile fundo, polepole, kwa sababu lilikuwa limekazana. "Kitenge kiko wapi?" aliuliza, na mimi nikakimbilia kamba, nikakikung'uta vumbi kwa nguvu. Mjomba akasimama wima, akasema maneno ya ushuhuda aliyotakiwa kusema, akasahau katikati, shangazi akamkumbusha.

Ilipokwisha, shangazi alianza wimbo, ule wa shukrani tunaouimba wote. Tukaitikia. Mama alifungua mdomo na sauti haikutoka. Alikohoa. Akajaribu tena, ikatoka kitu kama mlango uliokosa mafuta, na yeye mwenyewe akacheka, mkono kifuani. "Imelala!" alisema. "Sauti imelala!" Katika ubeti wa pili iliamka kidogo, chini, imepasuka, lakini ilikuwa yake, ningeijua popote.

Walikula mpaka sufuria ikasikika chini. Walipoondoka, nilimuuliza mama kama alijua kwamba watakuja.

"Sikujua. Nilikuwa nimechoka tu. Wasingekuja, ningejivua kweli."

"Na ile sufuria kubwa?"

"Tungekula wenyewe mpaka Jumapili," alisema, bila kunitazama. Mpaka leo sijui nimwamini au nisimwamini.

Wiki iliyofuata nilitakiwa kumrudishia mwalimu zoezi lake. Nilikuwa nimekwisha mwomba samahani, akacheka, akasema kundi tupu huwa linaudhi watu wengi. Nilikuwa nimeazimwa kompyuta ya mkononi ya kituo, niko nayo nyumbani mchana ule, nimeifungua juu ya meza, na mama akaja akasimama nyuma yangu katika kitenge chake cha kijani.

"Ile mashini, umeiambia?"

"Niiambie nini?"

"Jumatano."

Sikuwa nimefikiri hilo. Nilirudi katika makundi yangu. Nikaandika Jumatano upande wa Bukavu. Nikaandika Jumatano upande wa Rutshuru. Nikakagua alama, safari hii kwa makini, nikabonyeza. Katikati ya yale mabano yaliyokuwa matupu, neno likatokea.

Mama aliinama, akaweka kidole juu ya kioo, akasoma kwa sauti kama anavyosoma Biblia, silabi kwa silabi. Kisha akangoja, kama vile kuna mengine yanakuja.

"Ni hiyo moja tu?"

"Moja tu, mama."

"Moja inatosha," alisema. Akafunga kitambaa chake cha rangi, akaniambia niepue maharagwe yasiungue, akatoka mbio, kwa sababu mazoezi ya korali yalikuwa yamekwisha kuanza.